Kalamu Kwanza, Kompyuta Baadaye

Wazazi wengi wakaao makambini na katika nyumba za polisi wamekuwa kwa muda mrefu sasa wakijadiliana juu ya jambo ambalo ukilitazama juu juu laweza kuonekana dogo, nalo ni maandishi ya watoto wao. Mjadala huu husikika jioni mbele ya nyumba, husikika katika mikutano ya wazazi shuleni, na hata zamuni langoni, usiku unapokuwa mrefu na maneno mengine yamekwisha. Wapo wasemao kwamba kompyuta na simu za mkononi zimeharibu kabisa uwezo wa watoto wetu wa kuandika. Wapo wengine wasemao kwamba mtoto asiyejua kompyuta leo ni sawa na abiria aliyefika kituoni gari limekwisha ondoka. Kila upande una sababu zake, na kila upande una watu wazima wenye akili timamu. Kwa hiyo tumeona yafaa tulitazame jambo hili kwa makini na kwa utulivu, kisha tutoe msimamo wetu.

Malalamiko ya wazazi

Tukiyakusanya malalamiko ya wazazi tunaona kwamba yapo manne. La kwanza lahusu mwandiko wenyewe. Mzazi hufungua daftari la mtoto wa darasa la sita akakuta herufi zimelala huku na huku kama makuruta siku ya kwanza ya kwata, mistari imepanda na kushuka, na mtoto mwenyewe akiulizwa alichoandika hawezi kukisoma. La pili lahusu tahajia. Mtoto aliyezoea kusahihishiwa neno na mashine kabla hajalimaliza haoni haja ya kulikumbuka neno hilo, na anapopewa karatasi tupu hukwama. La tatu ni lile la kufupisha maneno. Baba hupelekewa ujumbe usemao "baba 2ko poa, xaxa 2ma ada", na mwalimu naye huyakuta mambo yayo hayo ndani ya insha, ambamo "sijui" imegeuka "cjui" na "mtu" amegeuka "m2". La nne, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote, ni kwamba sasa ipo mitambo iwezayo kumwandikia mtoto insha nzima, tangu sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, naye akatia jina lake chini bila hata ya kuisoma.

Mtu asiyekuwa askari aweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya walimu peke yao. Askari ajua kwamba sivyo. Polisi kazi yake yote imesimama juu ya maandishi. Mlalamikaji anapofika kaunta, jambo la kwanza ni kuandikwa katika kitabu cha matukio, pamoja na saa na tarehe. Shahidi huandikiwa maelezo yake, akasomewa, akatia sahihi. Ajali ikitokea barabarani, askari huchora mahali pale na kuandika vipimo akiwa amesimama juani. Maandishi hayo huenda yakasomwa mahakamani baada ya miaka mitatu, mbele ya hakimu ambaye hakuwapo, na wakili aliyejiandaa kuuliza kama tarakimu hii ni 1 au ni 7. Huko jeshini nako ni vivyo hivyo. Mwanajeshi anayepokea taarifa kwa redio huiandika kwa mkono, na tarakimu moja ya ramani ikikosewa, doria huelekea mto mwingine. Basi askari anapohangaika kwa ajili ya mwandiko wa mwanawe anahangaikia jambo alijualo uzito wake.

Upande wa pili

Hata hivyo haitakuwa haki kuwasikiliza wazazi wa upande mmoja tu. Mama mmoja, mke wa koplo, alitueleza habari za mtoto wake wa kiume ambaye mkono wake ni mzito tangu utotoni. Kuandika ukurasa mmoja kwa kalamu kulimchukua jioni nzima, na mara nyingi kuliishia kwa machozi. Alipopata nafasi ya kutumia kompyuta shuleni, mtoto huyo aliandika kurasa tatu juu ya safari yake ya kwenda kwa bibi, akarudi nyumbani akitafuta mtu wa kumsomea. "Kumbe maneno alikuwa nayo siku zote," mama huyo alisema, "ila mkono ndio uliokuwa ukimfungia mlango." Maneno ya mama huyu hatuwezi kuyapuuza.

Vile vile karani mmoja mstaafu alitukumbusha habari ya taipureta. Mashine hizo zilianza kuuzwa huko Marekani katika miaka ya 1870, na zilipoingia katika ofisi zetu, walikuwapo wazee waliosema kwamba mwandiko mzuri umekufa. Mwandiko haukufa. Badala yake ilizaliwa kazi mpya, na vijana wengi waliojifunza kupiga taipu kwa vidole kumi, bila ya kutazama chini, walipata vyeo na mishahara kwa sababu ya ujuzi huo. Karani huyo aliuliza kwa nini leo tuwaogopeshe watoto na kompyuta, hali tunajua kwamba kumbukumbu za polisi, malipo ya mishahara na barua za ofisi zinazidi kuingia katika mashine hizo kila mwaka. Swali lake ni la haki, nasi tutalirudia.

Wataalamu wasemavyo

Wataalamu wa nchi za nje wamelichunguza jambo hili, na matokeo yao hayaelemei upande mmoja. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliwachukua watoto wa miaka mitano ambao walikuwa hawajajua kusoma, wakawafundisha herufi kwa njia tatu: kuziandika wenyewe kwa mkono, kuzifuatisha juu ya mistari iliyokwisha chorwa, na kuzibonyeza katika mashine. Kisha waliupiga picha ubongo wa watoto hao walipokuwa wakizitazama herufi. Iligunduliwa kwamba zile sehemu za ubongo ambazo mtu mzima huzitumia kusomea ziliamka kwa herufi ambazo mtoto alikuwa ameziandika mwenyewe, wala haikuwa hivyo kwa zile alizobonyeza. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtoto anayeandika herufi kwa mkono huikosea, leo ikainama, kesho ikawa kubwa mno, na katika kukosea huko hujifunza ni kitu gani kinachoifanya herufi hiyo iwe hiyo wala si nyingine. Anayebonyeza hupata herufi iliyo sawa daima, ambayo haikumgharimu kitu.

Mwaka 2014, Pam Mueller wa Princeton na Daniel Oppenheimer wa Los Angeles walitangaza kwamba wanafunzi wa chuo wanaonakili mihadhara kwa kompyuta huandika maneno mengi zaidi, karibu kila neno la mwalimu, lakini wakiulizwa maana ya waliyoyasikia hushindwa na wale walioandika kwa kalamu. Anayeandika kwa mkono hawezi kwenda mbio za mdomo wa mwalimu; kwa hiyo hulazimika kuchagua, na ili achague hana budi kuelewa. Ni lazima tuseme kwamba jaribio hilo liliporudiwa na watu wengine mwaka 2019 tofauti haikuonekana wazi kama ile ya kwanza. Nao watafiti wa Trondheim, Norway, walieleza mwaka 2024 kwamba ubongo wa mtu anayeandika kwa mkono hufanya kazi kwa ushirikiano mpana zaidi kuliko wa mtu anayebonyeza vitufe. Lakini waliopimwa huko walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu 36, si watoto wa darasa la pili. Hatuna budi kuzitumia habari hizi kwa kiasi, bila ya kuzifanya rungu la kumpigia kila anayeshika kompyuta.

Kwa upande mwingine, mwaka 2003 watafiti wa Chuo cha Boston walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi uliofanywa katika miaka kumi iliyotangulia, wakaona kwamba wanafunzi wanaotungia insha katika kompyuta, kwa jumla, huandika kwa urefu zaidi na kwa ubora zaidi. Sababu ni kwamba katika kompyuta kusahihisha si adhabu. Mtoto aweza kuondoa sentensi, akaihamisha, akaongeza, bila ya kulazimika kuandika upya karatasi nzima. Hata juu ya yale maneno ya kufupisha, watafiti wa Coventry, Uingereza, waligundua katika miaka ya 2008 na 2009 kwamba watoto waliozoea kufupisha maneno katika simu hawakuwa wabaya wa kusoma na tahajia. Mara nyingi walikuwa wazuri. Mtoto hawezi kuichezea sauti ya neno kama hajaijua kwanza. Kwa hiyo lile lalamiko la tatu la wazazi halina nguvu kubwa kama tulivyodhani, maadam mtoto afundishwe kwamba lugha ya simu ina mahali pake na lugha ya insha ina mahali pake, kama vile askari ajuavyo kwamba mavazi ya nyumbani hayavaliwi gwarideni.

Serikali za nchi zilizoendelea nazo zimekuwa zikienda na kurudi. Finland iliondoa mwandiko wa kuunganisha herufi katika masomo ya lazima mwaka 2016, ingawa watoto wa huko wangali wakifundishwa herufi za kawaida. Sweden, ambayo ilikuwa imekwenda mbali katika kuweka mashine madarasani, ilianza mwaka 2023 kurudisha vitabu vya karatasi na mazoezi ya kuandika kwa mkono kwa watoto wadogo. Jimbo la California, ambako mashine nyingi hizi hubuniwa, lilipitisha sheria mwaka 2023 kwamba kuanzia Januari 2024 mwandiko wa kuunganisha ufundishwe tangu darasa la kwanza hadi la sita. Tunayataja haya kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba kuacha kalamu ndiyo dalili ya maendeleo. Wenzetu waliotangulia kuiacha sasa wanaiokota.

Hali yetu wenyewe

Lakini mtoto wa Uganda hakai Stockholm. Yafaa tuitazame hali yetu wenyewe. Mtoto wetu akifika darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nao una karatasi nne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Zote huandikwa kwa mkono. Akiendelea, mitihani ya sekondari nayo huiandika kwa mkono. Msahihishaji hamjui mtoto huyo wala hajui kama nyumbani kwao iko kompyuta. Alichonacho ni karatasi tu. Jibu lisilosomeka halina alama, hata kama mtoto alilijua. Kwa hiyo mzazi anayejivunia kwamba mwanawe wa miaka tisa hashiki tena kalamu kwa sababu "amesonga mbele" anampeleka mtoto huyo vitani na silaha ambayo hakupata kuifanyia mazoezi.

Tena tusisahau kwamba shule nyingi za msingi za serikali, hasa za vijijini, hazina kompyuta, na baadhi hazina umeme. Kwa watoto walio wengi kompyuta yenyewe ni simu ya baba au ya mama, inayoshikwa kwa nusu saa jioni ikiwa ina moto wa kutosha. Shule zetu zilipofungwa kwa sababu ya korona tangu Machi 2020, hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yo yote duniani. Katika muda ule masomo yalitolewa redioni, katika televisheni na kwa makaratasi yaliyochapishwa. Wapo waliokuwa na mashine nyumbani wakaendelea. Wengi hawakuwa nazo, na wengine waliporudi mkono ulikuwa umesahau hata namna ya kushika penseli. Walimu wa madarasa ya chini walilazimika kuanza upya.

Majirani zetu nao wametupa mafunzo. Rwanda ilianza mwaka 2008 kugawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi, na Kenya ikaanza mwaka 2016 kupeleka mashine bapa kwa watoto wa darasa la kwanza. Nia ilikuwa njema. Lakini huko Peru, ambako kompyuta za namna ile ile ya Rwanda ziligawiwa kwa wingi, uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za vijijini na kutolewa mwaka 2012 haukuona kwamba watoto walipanda katika hesabu wala katika lugha. Mashine iliwafikia watoto bila ya mwalimu kuandaliwa vya kutosha namna ya kuitumia, nayo ikabaki kuwa mashine tu. Askari wote wanajua kwamba bunduki mpya haifanyi mlenga shabaha.

Jambo jingine ambalo ni nadra kusikia likizungumzwa ni lugha. Kiswahili ni lugha ya jeshi na polisi wa nchi hii tangu zamani za King's African Rifles. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kilifanywa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini kompyuta nyingi zinazouzwa hapa hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza. Mtoto akiandika "safari", mashine hunyamaza, kwa kuwa Waingereza walilikopa neno hilo. Akiandika "wajibu", hupigiwa mstari mwekundu. Akiandika sentensi nzima ya Kiswahili au ya lugha ya nyumbani kwao, ukurasa wote huwa mwekundu kama daftari la mtoto mvivu. Mtoto hawezi kujua kwamba mashine ndiyo isiyojua. Yeye hudhani ni lugha ya mama yake iliyokosea. Kusahihisha Kiswahili kwawezekana katika programu zilizopo, lakini lazima awepo mtu mzima wa kuipanga mashine hivyo, au angalau wa kumwambia mtoto kwamba mstari ule si hukumu.

Mashine iandikayo badala ya mtu

Sasa tulifikie lile lalamiko la nne. Tangu Novemba 2022, ilipotolewa ile programu ya ChatGPT, mtu ye yote mwenye simu na intaneti aweza kuomba insha juu ya jambo lo lote akaipata katika muda wa kuvuta pumzi mbili. Insha hiyo huwa safi, haina kosa la tahajia, nayo hufanana na insha ya mtoto wa jirani aliyeomba jambo lilo hilo.

Polisi wapelelezi wataelewa kwa nini tunalitilia uzito. Mpelelezi akiletewa maelezo ya mashahidi watatu, na yote matatu yakawa sawa neno kwa neno, hafurahi. Huingiwa na shaka mara moja, kwa sababu ajua kwamba watu watatu waliolishuhudia jambo moja hawawezi kulisimulia kwa maneno yale yale. Mmoja aliona rangi ya gari, mwingine alisikia breki, wa tatu alikuwa akimshika mtoto wake asivuke barabara. Maelezo ya kweli yana alama za mtu aliyeyatoa. Insha ya mtoto nayo ni maelezo ya namna hiyo, nayo humwonyesha mwalimu na mzazi kile alichokiona mtoto huyo, alivyokielewa, na mahali alipokwama. Kosa lililomo ndani yake lina faida, kwa sababu laonyesha mahali pa kufundisha. Insha iliyotungwa na mashine haina kosa, na kwa hiyo haimwambii mwalimu cho chote juu ya mtoto.

Tutatoa mfano mmoja ambao tulisimuliwa na sajini mmoja wa jeshi. Yeye alikuwa miongoni mwa askari wetu waliotumwa Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalitangulia kufika mwezi Machi 2007 kulinda amani chini ya Umoja wa Afrika. Zamu yake ilikuwa ndefu. Nyumbani alimwacha binti wa darasa la sita, ambaye kila wiki alimpelekea ujumbe katika simu. Ujumbe wenyewe ulikuwa mmoja: "baba 2ko poa." Sajini naye alijibu kwa picha ya kidole gumba. Miezi mitano ikapita hivyo, kila mmoja akiamini kwamba amezungumza na mwenzake.

Siku moja sajini alichoka na vidole gumba. Alimwomba binti yake amwandikie barua ya kweli, kwa kalamu, ukurasa mzima usiopungua, kisha mama yake aipige picha na kuituma. Binti alinung'unika, lakini aliandika. Mistari ya kwanza ilikuwa ya salamu, kama ilivyo desturi, na habari za majirani, na ya kuku waliototoa. Habari zikamwishia na ukurasa haujajaa. Ndipo, kwa kukosa la kuandika, akaandika kwamba siku hizi huketi mbele darasani karibu na mwalimu, kwa sababu akiketi nyuma ubao huwa na ukungu, na kwamba amekuwa akinakili hesabu kutoka kwa rafiki yake, naye rafiki huyo hukosea. Sajini aliusoma mstari huo mara tatu. Alimpigia mkewe simu usiku ule ule. Mtoto alipelekwa kupimwa, akaonekana kuwa na macho mabovu, akapewa miwani. Alikuwa ameanguka kutoka nafasi ya sita hadi ya thelathini na moja, na watu wote walidhani ni utundu.

Tunakisimulia kisa hiki bila ya kusema kwamba simu ni mbaya. Picha ya barua ile ilifika Mogadishu kwa simu hiyo hiyo. Tunachosema ni kwamba ukurasa mtupu humdai mtoto zaidi ya anachotaka kutoa, na katika kudaiwa huko hutoa yale ambayo hata yeye mwenyewe hakujua kwamba anayo. Kama angeiomba mashine imwandikie baba yake barua, ingeandika barua nzuri kabisa, yenye heshima na sentensi zilizonyooka. Isingeandika juu ya ukungu wa ubao, kwa sababu mashine haikuwa ikiketi nyuma ya darasa lile.

Msimamo wetu

Kwa hiyo hatukubaliani na wazazi wanaotaka kompyuta zipigwe marufuku, wala hatukubaliani na wale wanaotaka kalamu izikwe. Kila askari amepitia mafunzo, na ajua kwamba mafunzo yana utaratibu. Kuruta hapewi gari la deraya siku ya kwanza. Hufundishwa kwanza kusimama, kugeuka na kutembea. Kisha hupewa bunduki, akaifungua na kuifunga hadi aweze kufanya hivyo gizani. Mwisho ndipo apandishwe juu ya mashine kubwa. Hakuna anayesema kwamba kwata humchelewesha. Vivyo hivyo mtoto apewe kalamu kwanza, hadi mkono wake uandike bila ya kufikiri herufi. Baada ya hapo apewe kompyuta, tena afundishwe kwa dhati namna ya kuitumia kwa vidole vyote kumi, asiachiwe kudonoa kwa kidole kimoja kama kuku. Yule karani mstaafu alikuwa na haki: ujuzi huo utampa mtoto mkate. Na mtoto ambaye mkono wake ni mzito, kama yule wa mke wa koplo, apewe mashine mapema zaidi, kwa sababu sheria nzuri hutazama hali ya mtu.

Tungependa kutoa mapendekezo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, kila mtoto aandike barua moja kwa mkono kila Jumapili, kwa baba au mama aliye mbali kikazi, au kwa bibi kijijini, na mtu mzima aijibu. La pili, mtoto wa shule ya msingi atungapo insha, nakala ya kwanza iwe ya kalamu; kuipiga katika kompyuta kuje baadaye, kama ipo. La tatu, mzazi amwombe mtoto aisome insha yake kwa sauti na kuieleza. Aliyeandika mwenyewe ataeleza. Aliyeandikiwa atababaika, na hapo hakuna haja ya ugomvi, aambiwe tu aandike upya. La nne, makarani wetu wa makambini na vituoni, ambao ni mafundi wa kupiga taipu, wajitolee saa mbili kila Jumamosi kuwafundisha watoto wa sekondari, kwa ruhusa ya wakuu wao. Ofisi nyingi zina mashine zinazolala siku hiyo.

Hatuwezi kumaliza bila ya kujisema wenyewe. Wazazi tunalalamika kwamba watoto hawaandiki, lakini ni lini mara ya mwisho mtoto alimwona baba yake ameketi mezani na kalamu? Mtoto humwona baba akirudi kutoka kazini, akavua viatu, akaiinamia simu hadi usiku. Humwona akijibu kila jambo kwa kidole gumba. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayo hayapatikani kwa kumpigia kelele tu. Mtoto huiga anachokiona. Yule sajini wa Somalia alitwambia kwamba baada ya barua ile naye alianza kuandika kurasa mbili kila Jumapili, na kwamba ilimwia vigumu zaidi kuliko alivyotarajia. Mkono wake, alisema, ulikuwa umeota kutu.

Tunatoa mwito kwa ndugu zetu askari wa jeshi na polisi, na kwa wake na waume zao wanaoshika nyumba wao wawapo kazini, kwamba Jumapili ijayo watie karatasi na kalamu mezani, kwa ajili ya mtoto na kwa ajili yao wenyewe. Mtoto na aulizwe habari za darasani, naye aandike hadi ukurasa ujae. Kisha barua hiyo isomwe yote, hadi mstari wa mwisho.